Macho ya Nyanzobe

Miaka minne nilikuwa macho yake.
Yeye alishika ncha moja ya fimbo, mimi nyingine,
tukashuka kutoka Kitangiri hadi Mwaloni,
mimi mbele, yeye nyuma, na katikati yetu
urefu wa mpera uliochongwa ukalainika kwa jasho.

Surua ilimpofua kabla hajaota meno ya pili.
Kilichombakia, alisema, ni rangi moja tu:
wekundu wa kanga ya mama yake juani.
Nyingine zote aliziazima kwangu.

"Ziwa leo lina rangi gani?"
"Bluu."
"Hata jana ulisema bluu. Ziwa si vivu kiasi hicho."

Basi nikajifunza kusema:
leo kama maji yaliyooshea mchele,
leo kama mgongo wa sato,
leo limevaa magugu mpaka shingoni.
Alicheka, akayatia yote katika hadithi jioni ile ile
kana kwamba ameyaokota mwenyewe njiani.

Alikaa juu ya gunia tupu
kati ya wauza dagaa na mashine ya barafu.
"Hadithi, hadithi!"
"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"
Aliupima mwitikio kama mchuuzi apimavyo mzigo kwa mkono,
akaninong'oneza: "Thelathini na mmoja.
Yule wa kandambili iliyokatika hatalipa."
Na kweli hakulipa.

Kazi yangu ilikuwa bakuli.
Niliangalia sarafu, niliangalia mikono,
niliangalia mtoto wa mama ntilie aliyenitolea ulimi.
Hadithi ilinipita kichwani kama minandi
wanaofuata mitumbwi: nilijua wapo, sikuwahesabu.

Alikuwa na desturi ya kukata palipo patamu.
Mwanamke amefika chini ya ziwa,
amegonga mlango, mlango unafunguliwa na—
"Kivuko kimeondoka," angesema. "Kesho."
Akajifuta mdomo, akapapasa kutafuta fimbo.

Mwaka wa mvua nyingi kesho haikuja.
Tulimzika Jumanne, mlimani, penye majabali,
ambako kaburi huchimbwa kwa nyundo.
Mimi nikaenda kupakia mizigo kivuko cha Kamanga,
nikaota sugu, nikaoa,
nikasahau hata bakuli liliko.

Juzi mtu wa Ukara kanidaka mkono gatini.
"Wewe si macho ya Nyanzobe?"
Nikakubali.
"Nilimlipa shilingi mia mbili.
Mlango ulifunguliwa na nani?"

Nilisimama na gunia la mihogo begani.
Nikaikumbuka kandambili, nikaukumbuka ulimi wa yule mtoto,
hata rangi ya ziwa siku ile: moshi wa kuni mbichi.
Mlango sikuukumbuka.
Miaka minne nilikuwa macho;
sikio sikulipeleka kazini hata siku moja.

Lakini deni ni deni.
Nikalitua gunia. Uongo njoo, nikasema moyoni,
kisha kwa sauti: "Mwanamke akagonga mara tatu, akasema—"

Yule mtu alikuwa amefumba macho.
Akatikisa kichwa.
"Hapana. Hapo alikohoa kwanza.
Anza tena."