Chuku

Pembe hii fupi ya ng'ombe, nyeusi,
iliyomeguka ukingoni kama ukucha,
ni ya shangazi yangu, Mwanakhamisi wa Kuze.
Kabla yake ilikuwa ya mamake. Kabla ya mamake
usiulize: pembe haina cheti cha kuzaliwa.
Wako waliosema ufundi huu ulikuja na Waarabu,
wako walioapa waliukuta papa hapa.
Shangazi akitema tambuu:
"Maumivu hayakungoja mtu ashuke forodhani."

Alhamisi baada ya alasiri waliingia makuli wa Kilindini,
migongo imekaza kama milango iliyovimba kwa mvua;
fundi cherehani, shingo haigeuki;
na siku moja karani wa benki, kwa mlango wa uani,
akaomba asitajwe. Simtaji.

Kwanza mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu,
na mvuje, ambao harufu yake, Mola atusitiri,
ililala nasi hadi Jumamosi.
Kisha pembe. Akafyonza pumzi kwa tundu la ncha,
akaliziba kwa ulimi, kwa nta aliyoitafuna,
na ngozi ikaumuka mle ndani
kama unga wa mahamri.
"Imeshika?"
"Imeshika, Bi Mkubwa."
"Basi nyamaza, iseme yenyewe."

Lakini nani alinyamaza? Kuli Mbaruku alilala kifudifudi
akisimulia magunia tisini, peke yake, kabla ya adhuhuri.
"Ajabu," akasema shangazi, "chuku napiga mimi,
na wewe pia waipiga."

Mwaka ule mifupa yake mwenyewe ilipoanza kumtafuna
nilimletea pembe. Akaipima mkononi, akatikisa kichwa.
"Hili si la pembe. Nipeleke Makadara."
Vidonge vyeupe alivimeza kwa chai ya tangawizi,
bila kuona haya, bila kumsengenya daktari.
Usiku tu aliiomba, akaisimamisha kifuani,
mdomo wa pembe chini,
kama wakati wa kazi.

Leo kiuno changu kimekataa kuinama.
Nimetafuna nta, nimepaka mafuta,
nimejipinda mbele ya kioo kama kaa:
mganga hajigangi, na mkono haufiki mgongoni.
Nimemwita mwanangu Shekue.
Amefyonza, akakohoa, pembe ikaanguka,
ikabiringika hadi chini ya kitanda.
"Tena," nikamwambia.