Hatua ya Nane

Sijawahi kushika kile kidude cha vitufe.
Niliseme hilo kwanza, msije mkanisifu bure.
Mimi nilikaa nje, Shela, ubavuni mwa duka la Twalibu,
karai mbele, viazi ndani ya unga wa manjano,
na ukuta wa bati nyuma ya kisogo.
Ndani wavulana walilipa shilingi tano kwa dakika kumi,
wakafa mara tatu,
wakatoka wakinidai ukwaju wa nyongeza.

Picha sikuziona. Muziki ulinifuata:
milio myembamba, kengele ya baiskeli
iliyomezwa na kuku.
Hatua ya kwanza ilirukaruka.
Ya tatu nadhani ilikuwa ya majini, maana ilitota.
Ya tano, wakiifikia, hata matusi yalikoma.
Ya pili ikianza kwa mara ya nne
watoto wa chuo wametoka, ongeza viazi.
Saa ya mkononi ya nini?

Ya nane niliisikia siku moja tu.
Ijumaa, mji umeinama kuswali,
na Ngowa, mtoro wa darasa la sita,
peke yake mle ndani na kanda ile bandia ya bandia.
Ningeweza kuinuka nikachungulia.
Mafuta yalikuwa yamechemka.

Sasa wamekuja vijana watatu, nywele mabegani,
fulana nyeusi juani, Malindi hii, mwezi wa pili:
Kitsao wa gitaa, Lali wa besi,
na Fumo, apigaye ngoma kama anadai deni.
Wanatengeneza albamu, gemu za zamani kwa roki nzito,
ndani ya tanuri la mikate lililofungwa kule Maweni.
Magodoro ukutani. Feni marufuku, inaingia kwenye maiki.
Hatua saba wanazo. Ya nane kanda iliondoka nayo,
imeliwa na chumvi, na hakuna aliyeinakili.
Ngowa wamemuuliza; ndiye aliyewauzia magodoro.
Anasema hakumbuki kama aliwahi kucheza gemu.
«Mama Batuli, tumeambiwa unayo wewe.»

Nikawaimbia kwa pua, mdomo nimefumba,
kama ninambembeleza mtoto wa jirani.
Nikaweka na pale penye kimya,
maana Ngowa aliisimamisha gemu akaja kununua viazi viwili,
mkono unatetemeka, ukwaju ukamdondokea kiatuni,
akarudi ndani bila neno.
Fumo akauliza, «Na hapo pia ni wimbo?»
Nikamwambia ahesabu mpaka kumi na nne.

Kitsao akakanyaga kisanduku chake cha mguuni
na gitaa likachacha,
likatutuma, likakoroma, likarusha,
nami nikaruka nyuma, kanga usoni.
Mafuta!
Wamenirudishia mafuta yangu.
Mlio ule sikuwahi kuusikia mtupu, hata siku moja:
kila noti ilinifikia imepita karaini,
imevimba, imeshika ukoko, inachoma.
Waliokuwa ndani walisikia kengele.
Mimi wa nje, miaka yote ile,
nilikuwa nasikia chuma.
Nikasema kwa sauti, Lali akacheka,
kisha akaacha kucheka, akaongeza besi.

Walipiga mara kumi na tisa.
Kimya cha Ngowa wamekiacha mzima,
na ndani yake, ukisikiliza sana,
mwenye mkokoteni wa maji anamtukana punda.
Kwenye kasha wameandika: sauti, Batuli.
Nikawaambia wafute, waandike karai.
Hawajafuta.

Mwanangu aniuliza gemu ile inaishaje,
yule mtu wa ndani anashinda au anakufa.
Mimi nitajuaje?
Ninachokijua ni viazi vya siku ile:
niligeuza sikio nikasahau kugeuza mwiko,
vikaungua upande mmoja.
Ngowa alivila hivyo hivyo.