Kiunzi cha Nane

Usiku ule, kwa Terewaeli kinyozi, Pasua,
tulikuwa tisa na mashine moja.
Mteja kitini kanyolewa nusu kichwa
akasema ngoja, ngoja kwanza,
huyo anakuja.

Aikande. Njia ya nane, ukingoni.
Kamera ilimpita kama mtu anayepita mlango wako
akiwahi harusi nyumba ya mbele.
Mtangazaji alilitafuna jina lake, akalitema vibaya,
nasi tukalirekebisha kwa sauti, tisa pamoja.

Mimi ni fundi. Nimeunda vitanda, milango,
majeneza, kabati la sakristia lenye kufuli mbili.
Maisha yangu yote nimelipwa
ili vitu visianguke.

Mwalimu Shose alikuja karakana
na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne:
urefu, sentimita themanini na nne kasoro kidogo.
Kumi, akasema. Nikampa vitano,
mbao za mgrivilea zilizobaki kwenye paa la mtu.
Nikavipigilia misumari ya inchi nne,
nikamwaga saruji miguuni, nikajisifu:
hata fahali haking'oi hiki.

Jumanne, uwanja wa Ushirika,
ugoko wa Aikande ulikutana na kazi yangu.
Hakulia. Alikaa vumbini, mguu kaukamata kwa mikono miwili
kama anayeziba bomba lililopasuka,
na damu ikashuka mpaka kwenye soksi ya shule.
Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu:
Fundi, kiunzi kizuri ni kile kinachojua kuanguka.

Nililala na neno hilo wiki nzima.
Nikang'oa misumari. Nikahamishia uzito
upande anakotokea mkimbiaji,
makopo ya rangi yenye kokoto, nikipunguza kwa kijiko,
nikiusukuma ubao kwa kidole, kwa goti, kwa paja,
mke wangu dirishani akiniona nimerogwa,
hadi ukakubali:
ukiguswa, uiname;
ukiachwa, usimame.

Na kwa kuwa vilikuwa vitano tu, ikawa sheria:
ukiangusha, rudi usimamishe.
Kuna mwenzio nyuma yako.
Asubuhi za Julai, mlima umejifunika mpaka kidevuni,
niliwasikia toka barabarani: kishindo, kimya, kishindo,
halafu pah, ubao, halafu nyayo zinazorudi.

Mlio.
Hatua nane hadi cha kwanza,
kisha tatu na juu, tatu na juu,
nahesabu kwa kidole pajani,
mashine inanguruma hewani bila kichwa.
Mpaka cha saba alikuwa wa nne,
naapa, wa nne,
wa tatu kwa macho ya Pasua.

Cha nane, kisigino kikaugonga ubao.
Kikaanguka. Vizuri. Bila ubishi.
Kama ningekiunda mimi.
Yeye akapepesuka, akavidandia viwili vilivyobaki
kama mtu anayevuka mfereji na ndoo kichwani,
akafika wa saba.

Kamera zote zikamfuata mshindi na bendera yake.
Terewaeli akarudi kwenye nusu kichwa iliyobaki.
Wengine wakaanza habari za bei ya mbolea.
Mimi nilibaki kwenye pembe ya picha,
kule chini, nyuma ya bega la mshindi,
ambako mtu mdogo alikuwa akirudi kinyume cha mbio,
anapita cha kumi, anapita cha tisa,
anainama, anashika ubao kwa mikono miwili,
anakisimamisha.

Mzee wa koti jekundu akamkimbilia akipunga mikono:
sikusikia, lakini nilielewa,
acha, kuna watu wa kazi hiyo.
Yeye akakipima kwanza kwa paja lake.
Akakisogeza kidogo kushoto.

Mteja akajikung'uta nywele, akauliza,
kwani amekuwa wa ngapi?
Sikumjibu.
Nilikuwa natazama kama kimenyooka.