Manjano ya Siagi

Theluji ya mwisho ingali imejikunyata
nyuma ya mapipa ya taka, nyeusi kama masizi,
lakini kwenye dirisha la duka letu, hapa Łódź,
machipuko yamefika tangu Jumatatu,
ndani ya boksi, yamekunjwa kwa karatasi laini.

Mwaka huu wameamua
(kina nani? Sijui, wala siulizwi)
kwamba wanawake wote tuwe rangi ya siagi.
Suruali pana, ukitembea zinakufagilia njia.
Vikoti vinavyokomea mbavuni,
utadhani kitambaa kiliwaishia njiani,
tena katika mji huu uliolelewa na mashine za kufuma!

Mimi ni mtu wa pini.
Kukaza hapa, kulegeza pale, kushusha upindo,
miaka thelathini na mmoja nikipiga magoti
mbele ya viuno vya watu.
Nimejifunza kunyamaza:
mdomo uliojaa pini hauna uhuru wa kusema.

Leo amekuja Dobrochna, mhasibu wa shirika la tramu,
ametoka kwenye baridi na kilo nne ambazo hakuzikaribisha.
Anataka kila kilichomo dirishani.
Namvalisha gauni la siagi.
Taa ya chumba cha kujaribia inamsifu;
taa ile, umeme wake hulipiwa na mwenye duka.
Namshika mkono. Njoo huku, kwenye mwanga wa nje.

Jua la Machi halina adabu wala halina bosi.
Akautazama mkono wake, akainua kidevu,
kisha kicheko kikamtoka:
"Mbona nimekuwa kama mgonjwa wa ini!"

Nikatema pini zote kiganjani.

Sikiliza, dada.
Rangi ikikaa karibu na uso, huongea kabla yako.
Hiyo siagi kaipake mkate.
Macho yako ni kijani chenye tope kidogo,
basi shika blauzi hii ya kuvumwani,
kola wazi, shingo ipumue.
Suruali pana, sawa, ila ianzie kiunoni penyewe,
si pale unapotamani kiuno kingekuwa.
Na kikoti kile mwachie binti yako.
Kizuri chajiuza, ndiyo,
lakini hakijasema kinajiuza kwako.

Akashusha sauti: "Na hili nililokuja nalo?"
Koti la sufu, la kijivu, mwaka wa tisa,
kifungo kimoja si cha ukoo mmoja na wenzake.
Nikaligeuza nje ndani, nikapapasa mishono.
Bitana imechoka kwapani.
Lakini mabega! Mabega yamekaa
kama yamezaliwa naye tumbo moja.
Niachie siku tatu, nilipunguze urefu, nilitie bitana ya hariri,
utavaa Aprili nzima bila kifungo hata kimoja kufungwa.

Kule kaunta mwenye duka akakohoa,
kikohozi ninachokijua, hakina uhusiano na mafua.

Saa kumi na moja na nusu. Nafunga.
Gauni la siagi limebaki kitini,
mikono imelegea, kama mtoto
aliyeitwa kucheza kisha akarudishwa ndani.
Nilitaka kulitundika tu, wallahi.
Nikajikuta nimelivaa, na soksi zangu nzito chini yake,
na mazoea yakanipeleka dirishani.

Mvi zangu, hizi ninazozifunga kila asubuhi
kwa hasira na kibanio,
zikawaka kidogo kidogo,
kama mtu aliyesahau taa chumba cha nyuma.
Kituoni, bwana mmoja mwenye kabichi kwapani
akaiacha tramu yake ipite.

Lebo ya bei inanichoma mgongoni.
Tutazungumza, mimi na mshahara, tutagawana kwa miezi mitatu.
Ila upindo. Upindo umepanda upande wa kushoto,
na hakuna wa kunipigia magoti.

Nikavuta kiti, nikapanda,
nikainama hadi mgongo ukalalamika,
pini mdomoni,
nikaanza.