Matairi ya Ngabobo

Kabla jogoo wa kwa Ndekirwa hajakohoa
nimeshapima oili, nimeshagonga matairi kwa kisigino.
Mashine nne zimejipanga uani,
magurudumu manne kila moja, viti vya sponji,
na ile nyekundu, breki yake ya kuombewa dua.
Niliinunua Unga Limited kwa mkopo wa vikoba.
Mama aliuliza: Inabeba magunia mangapi?
Nikasema: Inabeba mgeni mmoja.
Akaguna, akarudi kwenye maharage yake.

Mgeni wa leo ametoka kwenye baridi.
Kwao, asema, huendesha mashine isiyo na gurudumu,
mkanda nyuma, miguu miwili ya kuteleza mbele,
juu ya theluji, katikati ya msitu, saa tisa mchana
na giza limeshaingia.
Nikamwonyesha Kibo kwa kidevu:
Theluji yetu ile pale.
Haiendeshwi, na inapungua kama mshahara.
Ya kuendesha ni hii.
Nikapiga teke njia.
Jivu ambalo Meru iliwahi kulitema, siku asiyoikumbuka mtu,
likapanda hadi kiunoni, likasimama hewani,
likafikiri,
ndipo likashuka.

Tukaondoka.
Njia hii haikuchongwa na greda.
Imechongwa na ng'ombe wakienda majini
na maji yakienda yasikokujua.
Simama juu ya vikanyagio, nikampigia kelele,
magoti yawe springi!
Usibishane na usukani, jiwe nalo lina neno lake!
Akasimama. Akacheka ndani ya kofia ngumu.
Twiga wawili wakatutazama
kama wazee wa kanisa wanavyotazama disko.
Mchanga mezani kwa meno, machozi meusi,
mikono inatetemeka hata ukishika kikombe baadaye,
na bado, nakiri,
pale mteremko unapokuachia tumbo juu
na mwili unaufuata chini,
mimi mwenye deni la vikoba
sidaiwi na mtu.

Korongoni akataka kunionyesha kwao.
Akakata kona mapema.
Ile nyekundu ikazama hadi kwenye ekseli,
kila akiongeza mafuta inajichimbia zaidi,
kama mtu anayekopa ili alipe mkopo.
Tukafunga kamba. Kamba ikakatika.
Tukasukuma. Tukanyamaza.

Ndipo akatokea Loserian, punda watatu, madumu sita.
Akanisalimia, akamsalimia mgeni,
mashine hakuisalimia.
Akaizunguka, akachuchumaa,
akalipapasa tairi la nyuma kwa kidole gumba
kama mtu anayechagua kitambaa dukani.
Halafu akashusha madumu.
Ubavuni imeandikwa: nguvu za farasi ishirini na nane.
Zikatoka shimoni kwa nguvu za punda watatu
na mluzi mmoja.

Mgeni akafungua pochi.
Loserian akatikisa kichwa, akalionyesha tairi kwa fimbo:
Likiisha hili, niwekee.
Mguu wangu mkubwa. Wa mke wangu mdogo,
lakini anatembea kunishinda.

Lilipata kipara mwezi wa saba.
Nililipeleka mnadani Ngare Nanyuki, nikamkuta,
akalinusa, akalibeba begani, hakusema asante,
akasema: Limeiva.

Jana nimepita korongoni peke yangu.
Nikazima injini, ikabaki ikidata kwa joto.
Pembeni mwa jivu nikaona alama ninayoijua,
yale meno ya pembetatu, yaliyolika upande wa kushoto,
yakipanda mwamba ambao mashine zangu
hazijawahi hata kuujaribu:
hatua kubwa, hatua ndogo,
hatua ndogo imetangulia,
bila kunywa hata kibaba cha petroli.