Maji Huchemka Wapi

Miaka kumi na tisa nimeandika ubaoni
kwa mwandiko wa mviringo, bila kusita:
maji huchemka kwenye nyuzi mia.
Na watoto wa Narin wakanakili,
wakihohea kalamu zilizoganda wino,
haa, haa, kama waamshao kifaranga.

Shule yetu ina vyumba vitano.
Jiko la makaa hula tangu alfajiri na halishibi,
na barafu ya madirishani imeota upande wa ndani.
Mwezi wa Januari mlima hauombi ruhusa kuingia darasani.

Erkebulan ndiye aliyeanza,
yule asiyetulia, aliyekwisha kuhesabu misumari ya sakafu
akakuta mmoja haupo, akaniuliza ulikwenda wapi.
"Mwalimu, kule malishoni juu
mama hutokosa nyama ya kondoo mpaka jua linachoka,
nayo bado inagombana na meno.
Huku chini inaiva kabla sijamaliza hesabu.
Moto uleule. Mama yuleyule.
Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kumnyamazisha,
yote ya kurithi, yote yanatosha kiganjani:
Tutafika huko.
Haimo kwenye mtihani.
Keti.
Nikafungua kinywa, kikatoka kingine:
"Sijui. Lete sufuria."

Maji yakaimba, yakanguruma, yakapiga kifuniko teke.
Mvuke ukalainisha barafu ya dirisha
tukaona, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, punda wa jirani.
Na kipimajoto kikasimama kwenye tisini na tatu.
Tukaongeza makaa. Tisini na tatu.
Tukaongeza tena, jiko likawa jekundu masikioni.
Tisini na tatu.

"Kimeharibika," darasa likasema.
"Kitu cha bure cha serikali," akasema Meerim,
kwa dharau aliyoiazima kwa bibi yake.
Basi tukakifungulia kesi.
Tukaleta ndoo ya theluji, tukaiacha iyeyuke, tukakizamisha:
sifuri. Sifuri kamili.
Tukakitia kwapani mwa Erkebulan, akacheka akakaribia kukivunja:
thelathini na sita.
Shahidi hakuwa mwongo.
Macho ishirini na tatu, maana Bakas amefungwa moja kwa bendeji,
yakatoka kwenye kipimajoto,
yakaenda kwenye kitabu,
kisha, niliyaona, yakaja kwangu.

Mjomba wa Meerim huendesha lori kwenda Bishkek.
Tukampa kipimajoto ndani ya soksi ya sufu
na maagizo mengi kuliko mzigo wake.
Akarudi na tarakimu nyuma ya risiti ya dizeli:
kileleni mwa njia, tisini.
Mjini chini, tisini na saba.
Tukachora mstari ubaoni, unapanda huku unashuka,
na wiki tatu sikuufuta; historia nikaifundisha pembeni.

Mkuu wa shule, Bwana Osmonov, akachungulia.
"Na mtaala, mwalimu?"
"Unachemka," nikamwambia.

Aliyelijua jibu alikuwa Jildiz,
ambaye tangu Septemba hajasema ila "nipo".
Alilisema akitazama viatu vyake:
"Labda hewa inayakalia maji.
Huku juu ni chache. Haina uzito wa kuyabana."
Nikageukia ubao nijifanye natafuta chaki.
Chaki ilikuwa mkononi.

Mei mtihani ukaja kutoka wilayani, swali la nne:
Maji huchemka kwenye nyuzi ngapi?
Karibu wote waliandika mia. Siwalaumu,
niliwaambia wenyewe kwamba alama ni alama,
na usiku ule sikulala vizuri.
Erkebulan aliandika neno moja:
Wapi?

Msahihishaji akampa sifuri kwa wino mwekundu.
Karatasi ninayo mezani, chini ya kioo.
Sifuri kamili,
sawa na ile ya ndoo ya theluji,
tuliyoitumia kujua nani msema kweli.