Mraba wa f7

Hatua kumi na tano nilizijua kwa moyo.
Zilikuwa za watu wengine, wengi wao marehemu;
nilizikariri jikoni, vitabu vitatu vya ufunguzi,
Satenik akisogeza kurasa ili apate pa kuweka mkate.
Ya kumi na sita ilikuwa yangu mwenyewe.
Ya kumi na saba, farasi wa Arpi akatua f7:
teke moja, malkia na ngome.
Arpi ana miaka kumi na mmoja.
Alikuwa anakula mbegu za alizeti.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini,
nami nilikufa mbele ya watu
katika ukumbi wa shule, Gyumri,
koti bado mwilini kwa baridi.
"Mjomba Hrant," akasema, "mlango unajua kuufungua.
Hujui nani kasimama nyuma yake."
Akanipa daftari lake kuukuu, mafumbo mia tatu,
kingo zimetafunwa.

Mimi ni fundi wa lifti.
Nusu ya kazi yangu ni kusubiri:
umeme urudi, kipuri kitoke Yerevan,
bibi wa ghorofa ya tisa aache kulia ndani ya sanduku.
Basi nikayafanya shimoni, taa kichwani,
vidole vya grisi vikigeuza kurasa.
Ishirini kila siku. Si kumi na tisa.
Mwanzoni nilikisia, kisha nikachungulia majibu kama mwizi.
Arpi alijua. Jumamosi moja
aliyachana yale majibu, akayatia mfukoni.

Mshikaki niliuelewa upesi;
nani hapa kwetu hajachoma nyama Jumapili?
Mfalme mbele, malkia nyuma, chuma kinapita.
Lakini kete iliyobanwa ilinisumbua:
imesimama pale, inatisha, ina silaha zake zote,
na hailindi kitu.
Nina shemeji wa namna hiyo.

Fumbo la mia na arobaini nililikodolea macho dakika hamsini.
Wiki sita baadaye nikalirudia
nikaliona kabla sijakaa.
Sikufikiri. Ni kama waya unaokaribia kukatika:
huuoni, unausikia.
Satenik analalamika kwamba kanisani
nawatazama watu kana kwamba nataka kuwala.
Jicho halina pazia. Padri, bwana arusi, mkwe wake,
wote kwenye mlalo mmoja, na hakuna anayemlinda yeyote.

Machi, theluji ikiwa tope, nikakutana na Arpi tena.
Ufunguzi wenyewe siukumbuki.
Nakumbuka safu ya h ilikuwa wazi,
mfalme wake g8, malkia d8 hajasogea,
na farasi wangu g5 akihema.
Anza na shaha, liliniambia daftari,
shaha zote, hata zile za kijinga.
Ya kijinga ilikuwa ngome hadi h8.
Nikaitoa bure. Hakuwa na budi, akaila.
Kisha farasi. f7.
Mraba uleule.
Mbegu za alizeti zikanyamaza.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mwongo.

Hatua ya sitini na moja alibakiwa na mfalme mtupu, pembeni,
nami nina malkia, na uroho.
Nikamsogeza malkia karibu, karibu mno.
Mfalme wake hatishwi na yeyote.
Hana pa kukanyaga.
Sare.
Mimi, niliyetoa watu wangapi kati ya ghorofa na ghorofa,
nimemkwamisha mtu kwa mkono wangu mwenyewe
na ushindi wangu umo ndani pamoja naye.

Arpi alinipa mkono. Hakucheka
mpaka alipofika kwenye ngazi; nilimsikia.
Kisha akarudi, akatoa mfukoni yale majibu,
yamekunjwa, yana chumvi.
"Chukua. Na la mia mbili na kumi limekosewa," akasema.
"Nilitaka kuona kama utagundua."

Sikuwa nimegundua.
Nikaketi palepale, koti mwilini,
nikawasha taa ya kichwa.